Riyali 900 katika Daftari la Mama

Mama ana daftari la mraba ambalo tangu Desemba 2022 huandika ndani yake kila fedha inayotumwa na mdogo wangu kutoka Riyadh. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni kiasi kilichoingia kwenye simu, na ya tatu, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, ni matumizi: karo, unga, dawa za presha, deni la duka, mabati, mshahara wa msichana. Mimi naweka hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mikindani, Mombasa, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mama hunipa daftari nimjumlishie, na bila ya kukusudia nimekuwa mtunza hesabu wa kazi ambayo sijawahi kuiona ikifanywa, katika nyumba ambayo siijui hata rangi ya kuta zake.

Aprili 2024 aliniita akiwa na hasira aliyojitahidi kuificha. Alikuwa ametia kidole katikati ya daftari ili kurasa mbili zisimpotee. Januari, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa, mdogo wangu alituma mshahara wake wote, na zilifika zaidi ya shilingi 38,000. Sasa ametuma tena mshahara wote kwa ajili ya fundi wa paa, na zimefika 31,000 na kitu. Mama alikuwa na hakika kwamba mwanawe ama amepata mtu wa kumla fedha huko, ama ameanza kuweka akiba ya siri. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe, naye akajibu usiku wa manane kwa sauti ya mtu aliyejilaza kwa mara ya kwanza tangu alfajiri: "Dada, riyali ni zile zile mia tisa. Waulizeni huko kwenu shilingi imefanya nini."

Niliketi nikalipiga hesabu jambo hilo kama ninavyopiga hesabu za misumari na saruji. Riyali ya Saudi Arabia imefungamanishwa na dola tangu 1986, kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo riyali 900 ni dola 240 leo, kesho na mtondo. Kinachocheza ni shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika shilingi 160 hivi, kwa sababu watu wenye fedha waliogopa kwamba Kenya haitaweza kulipa hatifungani, yaani mkopo uliochukuliwa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje, ikaanza kuilipa ile ya zamani, hofu ikatulia, na kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi kama shilingi 130. Redioni hiyo ilikuwa habari njema, na kwa taifa lenye deni la dola sina sababu ya kubisha. Lakini dola 240 zilizokuwa shilingi 38,400 zikawa 31,200. Mdogo wangu alipunguziwa shilingi 7,200 kwa mwezi na watu wasiomjua, ilhali mwajiri wake hakugusa hata halala moja, senti ya riyali. Petroli ilishuka kidogo. Kodi ya nyumba na karo hazikusikia habari hiyo.

Ninaandika haya kwa sababu mara nyingi tunapozungumza juu ya utandawazi tunazungumza kama watu wanaotazama meli ikipita Kilindini, kitu kikubwa kilicho mbali, cha wakubwa. Nyumbani kwetu kimeingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kiwanda cha nguo cha kusafirisha nje, ambako mimi na mdogo wangu tulifanya kazi kwa vipindi tofauti. Mlango wa pili ni Uarabuni. Kwa muda mrefu niliidhani milango hiyo ni ya nyumba mbili.

Nianze na kiwanda, ambacho nimekifahamu kwa mikono yangu. Niliingia 2016 nikatoka 2019. Kazi yangu ilikuwa mfuko mmoja, wa nyuma upande wa kulia, wa suruali ya jinzi. Kipande kinakuja kimeshakunjwa kingo, unakilaza juu ya alama ya chaki, unashona pande tatu, unakaza pembe mbili za juu, unasukuma mbele. Idadi tuliyopangiwa, ambayo sote tuliiita targeti, ilikuwa mifuko 120 kwa saa, na juu ya vichwa vyetu palikuwa na ubao mweupe ambao supavaiza aliandika kila saa laini yetu imetoa ngapi, kwa kalamu nyekundu tukishindwa. Ukienda chooni mara mbili kabla ya chakula cha mchana, ubao unaonyesha. Mwisho wa laini palikuwa na meza ya kumalizia, ambako wasichana walipitisha uzi wa plastiki na kuning'iniza kibandiko cha bei ambacho kilikuwa kimekuja kimechapishwa tayari: dola 24.99. Kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida katika miji mikubwa ya Kenya kilikuwa shilingi 13,572 na senti 90 kwa mwezi tangu Mei 2018, na mimi nilikuwa juu ya hapo kidogo tu. Kwa dola za wakati ule, mwezi wangu mzima ulitoshana na suruali tano na nusu.

Nikiwa na umri ule hesabu hiyo ilinichoma sana. Sasa nimezoea vitabu vya hesabu na najua kwamba haikuwa hesabu kamili, kwa sababu mwenye kiwanda hakupokea dola 24.99, alipokea sehemu ndogo yake, na ndani ya sehemu hiyo mna kitambaa kilichotoka Asia, zipu, umeme wetu wa Kenya ambao kila mtu anajua bei yake, na meli. Kilichobaki kwa kazi ya mikono kilikuwa kidogo tangu mwanzo, na mnunuzi wa Marekani ndiye aliyekipanga, kwa kuuliza bei katika nchi sita na kuchagua. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Kila tulipogusia nyongeza, jibu la ofisini lilikuwa lile lile, nalo halikuwa la ukali. Tuliambiwa kwa upole kwamba kiwanda kinaweza kuhamia Ethiopia.

Na halikuwa jibu la uongo. Bustani ya viwanda ya Hawassa ilifunguliwa 2016, mwaka ule ule nilioanza kushona mifuko, na katika miaka iliyofuata mshahara wa kuanzia wa mshonaji pale ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi, kwa sababu Ethiopia haikuwa na kima cha chini cha kisheria kwa sekta binafsi. Sisi tulilipwa zaidi ya mara nne ya hapo na bado tulikuwa hatutoshelezeki. Wasichana wa Hawassa nao hawakutosheka. Waliacha kazi kwa mamia, jambo lililowashangaza waliowekeza humo. Kisha vita vya Tigray vikaja, Ethiopia ikaondolewa Januari 2022 katika AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, na kampuni zilizokuwa zimeahidi mambo makubwa zikaanza kufunga virago. Supavaiza wetu wa zamani, niliyekutana naye feri ya Likoni mwaka huo, aliniambia kwa furaha kwamba oda zimeanza kurudi. Sikujua nimpongeze vipi.

AGOA yenyewe ni sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi Mei 2000, iliyoruhusu nguo kutoka nchi za Afrika zilizokubaliwa kuingia bila ushuru, hata kama kitambaa kimetoka kwingine. Kabla yake kulikuwa na mfumo wa dunia wa mgao, uliowawekea wazalishaji wakubwa wa Asia kikomo cha nguo wanazoweza kuuza Marekani na Ulaya, na kwa hiyo baadhi ya wenye viwanda walikuja kwetu kwa sababu mgao wa kwao ulikuwa umejaa. Mgao huo ulifutwa tarehe 1 Januari 2005. Shangazi yangu alikuwa na kazi Desemba 2004, na kufikia katikati ya 2005 hakuwa nayo. Hakuna aliyemweleza kwamba ni mkataba wa dunia uliokwisha. Aliambiwa arudishe aproni. Muda wa AGOA nao, uliokuwa umeongezwa kwa miaka 10 mwaka 2015, ulifika kikomo mwishoni mwa Septemba 2025, na majirani zangu walio kiwandani waliishi wiki zile kwa kusikiliza taarifa ya habari ya Washington kama watu wanaosubiri mwezi kuandama. Hakuna mtu anayeomba nyongeza ya mshahara katika hali hiyo, na nadhani ukimya huo ni sehemu ya bei ya suruali ambayo haiandikwi popote.

Bangladesh hutajwa kama ngazi ya chini kabisa ya mishahara, lakini hata huko wafanyakazi waliingia barabarani Oktoba na Novemba 2023 na kima cha chini cha washonaji kikapandishwa kutoka taka 8,000 hadi 12,500, kama dola 113 wakati ule. Kwetu, kima kile cha Mei 2018 kilikaa bila kuguswa hadi Mei 2022. Miaka minne, na katikati yake korona.

Mdogo wangu alikuwa laini ya pili, akishona mikanda. Alitoka Novemba 2022 bila ya kugombana na mtu. Aliketi na mama, akaweka mezani karatasi ya mkataba wa miaka miwili aliyoletewa na ajenti, akauliza swali moja ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: huku analipa kodi, nauli na chakula, mwisho wa mwezi anabaki na shilingi 1,500, kule atalala na kula bure na atapokea riyali 900, je, kuna mtu hapa anayemtaka abaki na anaweza kumlipa tofauti? Mama alinyamaza. Mimi nikasema habari za wasichana wanaorudi ndani ya sanduku. Akasema anazijua zote, na kwamba anakwenda.

Alifikia nyumba ya familia yenye watoto wanne, ambamo tayari kulikuwa na mfanyakazi Mfilipino. Walilala chumba kimoja kando ya chumba cha kufulia, waliamka pamoja kabla ya alfajiri, na tofauti kubwa ya kazi zao ilikuwa kwamba Mfilipino alipika na mdogo wangu akasugua. Mwezi wa tatu walionyeshana mikataba. Mwenzake alikuwa analipwa riyali 1,500. Sababu yake wala haikufichwa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 serikali ya Ufilipino ilikuwa imeshikilia kwamba raia wake hawaendi kufanya kazi za nyumbani kwa chini ya dola 400, ambazo ni riyali 1,500 kamili, na ilikuwa tayari kusimamisha safari pale jambo likiharibika. Bei ya Mkenya ni yake, ya Mganda ni yake, ya Mwethiopia ni yake, na mwajiri huziona katika ofisi ya ajenti zikiwa zimepangwa kwa nchi kama bei za matairi. Sakafu ni moja, saa ni zile zile, ufagio wanapokezana. Mdogo wangu alinambia kwamba hakumchukia Mfilipino hata siku moja. Alichochukia ni kwamba yeye mwenyewe, alipotia sahihi Nairobi, alidhani ameuza kazi yake, kumbe ajenti alikuwa ameuza pasipoti ya Kenya.

Pasipoti yenyewe haikuwa mkononi mwake. Iliingia kwenye droo ya mwajiri siku ya kwanza na hakuiona tena kwa miaka miwili. Huo ndio mfumo wa kafala, ambao kila mtu wa pwani ana jamaa wa kumsimulia: uhalali wa kuwepo kwako nchini umefungwa kwa mtu mmoja, kafili wako, naye ndiye anayeshughulikia iqama yako, yaani kibali cha ukaazi. Machi 2021 Saudi Arabia ilianza mageuzi yaliyowawezesha wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi kubadili mwajiri baada ya mwaka mmoja na kutoka nchini bila ya kuomba ridhaa yake. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa. Wana kanuni zao, zinazowaruhusu kuhama katika hali maalumu kama vile kutolipwa kwa miezi kadhaa, lakini ili utumie kanuni hizo unahitaji simu, lugha na mlango usiofungwa kwa nje. Qatar ilifanya zaidi: 2020 ilifuta sharti la kibali cha mwajiri, na Machi 2021 ikaanza kima cha chini cha riyali 1,000 za huko kwa kila mfanyakazi bila ya kujali nchi atokayo, wa nyumbani wakiwemo. Ni kima kidogo, lakini angalau kwenye karatasi bendera imeondolewa katika hesabu.

Wasichana wetu walioko Saudi Arabia wana neno lao, kemboi. Limetokana na Ezekiel Kemboi, mwanariadha wetu wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Athens 2004 na London 2012. Kemboi ni aliyekimbia nyumba ya kafili na sasa anafanya kazi ya siku au ya mwezi, nyumba hii na ile, akiishi na wenzake sita katika chumba cha kupanga. Kafili akienda kuripoti kwamba umetoroka, unaandikiwa hurub, na tangu hapo huna iqama, huna hospitali, huna pa kushtaki usipolipwa, na ukikamatwa ni tarhili, kizuizi cha wanaofukuzwa nchini, na ndege ya kurudi. Akina mama waliojifungua katika hali hiyo wamekwama na watoto wasio na karatasi yoyote. Ni maisha mabaya, na sitaki mtu asome hapa kwamba nayasifu.

Lakini mimi ni mtu wa hesabu, na kuna tarakimu katika habari ya kemboi ambayo haijaniacha nilale. Msichana aliyepanda ndege moja na mdogo wangu alikimbia mwezi wa saba. Alikuwa hana kibali, hana ulinzi, kila anayemwajiri anavunja sheria kwa kumwajiri. Kwa kawaida ya mambo, mtu wa namna hiyo ndiye angelipwa kidogo kuliko wote. Alikuwa akipata riyali 1,800 kwa mwezi. Mji ule ule, sakafu zile zile, mikono ile ile ya Kenya. Tofauti pekee ni kwamba mwajiri mpya akimtukana au akichelewesha fedha, asubuhi hakuti mtu. Riyali 900 zilizoongezeka ni bei ya mlango usiofungwa, na kafili wa mdogo wangu alikuwa akizitia mfukoni kila mwezi, pengine bila ya kujua, kwa kuwa tu droo ilikuwa na ufunguo.

Nikaikumbuka ile sauti ya upole ya ofisini kwetu. Mwenye kiwanda anaweza kuhamia Ethiopia na sisi hatuwezi, kwa hiyo yeye ndiye aliyepanga bei ya mfuko wa kulia. Kafili hana haja ya kuhama. Yeye anamzuia mwingine asihame, na matokeo ni yale yale. Ndiyo maana nikasema kwamba milango ile miwili niliidhani ya nyumba mbili. Katika dunia hii ambayo suruali na dola husafiri bila ya kuulizwa, mtu anayesimama mahali pamoja, ama kwa umaskini ama kwa sheria, ndiye anayelipwa kile kilichobaki.

Hilo si jipya hata hapa kwetu. Babu yangu mzaa baba, mtu wa Rabai, alifanya kazi katika shamba la mkonge enzi za Waingereza akiwa na kipande shingoni. Kipande, kilichoanza kutumika karibu na 1920, kilikuwa cheti chenye alama za vidole ndani ya kikasha cha chuma, ambamo mwajiri aliandika jina lake, mshahara aliokulipa, na siku aliyokuachilia. Bila ya sahihi ya kuachiliwa, mwajiri mwingine haruhusiwi kukuajiri, na kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Tena kwa kuwa mshahara wako wa zamani umeandikwa, mwajiri mpya hana haja ya kukuuliza unataka ngapi. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka katika masoko ya nje, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na walithubutu kwa sababu walijua hakuna pa kukimbilia. Hiyo ni moja ya hasira zilizomwinua Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi wa Kiafrika, hadi akakamatwa Machi 1922. Babu alipokuwa hai alikuwa akisema kikasha kile kilimwachia alama ya kutu kifuani. Sijui kama ni kweli, lakini kila nisikiapo neno hurub nakiona.

Wapo wanaoliuliza swali hili kutoka upande wa pili, yaani kama wahamiaji wanawaharibia mshahara wenyeji. Kwa nchi za Ghuba swali hilo halina uzito sana, kwa kuwa wenyeji kwa muda mrefu wamekuwa na soko lao la kazi, hasa serikalini, lenye mishahara ya namna nyingine. Wamarekani wamelibishania kwa miongo. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 walivuka kutoka bandari ya Mariel hadi Florida katika muda wa miezi michache, na mchumi David Card, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli 2021, akaandika mwaka 1990 kwamba hakuona mishahara ya Miami ikianguka. Mchumi mwingine, George Borjas, akalirudia jambo lile miaka mingi baadaye akasema kwamba wasiomaliza sekondari waliumia. Mimi si mwamuzi wa mabingwa hao. Ninachoona ni kwamba Wakuba wale, waliofika bila chochote, wangeweza kuacha kazi Jumatatu na kuanza nyingine Jumanne, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwatumia kama nyundo ya kuwapigia wenzao kwa muda mrefu. Nisingependa kuona jaribio kama hilo likifanywa katika mji ambao nusu ya wafanyakazi pasipoti zao ziko kwenye droo.

Mtu atasema, na mama husema, kwamba nalalamika nikiwa chini ya paa lililoletwa na riyali hizo hizo. Ni kweli. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, Marekani ikiwa ya kwanza kwa mbali na Saudi Arabia miongoni mwa zilizofuata. Sehemu yetu katika bilioni hizo imeezeka vyumba vitatu, imenunua tangi la lita 1,000, na imewaweka watoto wawili wa mdogo wangu katika shule ambayo mwalimu anawajua kwa majina. Kiwandani tusingefika hapo kwa miaka 10. Sitamwambia mtu asiende.

Ila watoto hao wawili lazima mtu awatazame. Mama ana presha na mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo tangu mdogo wangu aondoke tuna msichana wa kazi kutoka Ganze, kule Kilifi, aliyekuja akiwa na miaka 19, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anayepika, anayefua, anayewapeleka shule na kuwarudisha. Tunamlipa shilingi 7,500. Novemba 2024 kima cha chini kwa kazi yake hapa Mombasa kilifika shilingi 16,113 na senti 75, bila ya posho ya nyumba. Sheria imemtaja waziwazi, yaya na mtumishi wa nyumbani, katika kundi moja na mfagiaji na mtunza bustani. Ninaijua tarakimu hiyo kwa sababu dukani ninaitumia kuwalipa vibarua. Nyumbani nimeiacha getini kama viatu vyenye matope.

Nilikwisha kupiga hesabu yake pia. Kumlipa kisheria kungemeza zaidi ya nusu ya zile shilingi 31,200, na mdogo wangu angekuwa anasugua sakafu za Riyadh ili mwingine asugue zake. Na aprili ile ambayo shilingi 7,200 zilipotea hewani, mama alipitia safu ya tatu ya daftari kutoka juu hadi chini akitafuta pa kukata. Karo haikatiki. Dawa hazikatiki. Fundi alikuwa juu ya paa. Kilichosogezwa mbele, mwezi huo na mwezi uliofuata, ni mstari wa msichana. Hakulalamika, na alikuwa na miezi miwili ya kudai alipokuja kulipwa Juni. Hatifungani iliyouzwa ughaibuni Februari ilipita Riyadh, ikapita kwenye simu ya mama, ikaenda kusimama kwa mtoto wa Ganze ambaye hajawahi kushika dola. Nami ndiye niliyejumlisha.

Novemba 2024 mkataba wa mdogo wangu uliisha. Bibi wa nyumba hakutaka aondoke, kwa kuwa mtoto mdogo wa mwisho alikuwa amejifunza kumwita kabla ya kumwita mama yake, akampandishia hadi riyali 1,200. Mdogo wangu alisema hatatia sahihi kabla ya kuishika pasipoti yake kwa mkono wake. Walibishana siku nne. Siku ya tano iliwekwa mezani, na sasa iko chini ya godoro lake, akaongeza miaka miwili. Katika daftari la mama safu ya pili imenenepa tena, kama shilingi 41,000. Tulisema mshahara wa msichana tutauangalia. Hatukuuangalia.

Wiki iliyopita alinifuata jikoni nikiosha vyombo, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama karibu na mlango. Ajenti amefika Ganze, alisema, na wasichana wanne wa kijiji chao wameshaandikwa. Anachohitaji ni pasipoti, na kuna mambo ya kujaza kwenye kompyuta ambayo hayajui, je, nitamsaidia? Nikamwambia nitamsaidia. Akasema kuna na ada, ile ya kurasa 34. Nikamuuliza kama anajua ni shilingi ngapi.

"Elfu saba na mia tano, dada," akasema. "Nimeuliza. Nilikuwa naomba mnikopeshe mwezi mmoja."

Nilikwenda chumbani kwa mama, nikachukua daftari.